Mbegu za Barafu na Fagio la Asubuhi

Kama ningerudishiwa siku moja tu ya utumishi wangu, ningeomba ile ambayo Dokta Mbonde alifunga mlango wa ofisi yake pale Makole, mjini Dodoma, akanisogezea kiti, akaniambia, "Mzee Lameck, hili naomba tulinyamazie kidogo." Ningesimama, ningemwambia hapana, kisha ningeenda zangu. Badala yake nilisema, "Sawa, Dokta." Nilikuwa nimelisema jibu hilo mara nyingi kabla ya hapo, kuhusu safari za gari na mafuta ya jenereta, na mdomo ulikuwa umelizoea.

Nimestaafu mwaka huu. Ninyi vijana mliobaki maabara mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tukifanya kazi zamani. Nadhani mlitarajia habari za pampu na machujio. Zitakuwemo. Ila nisipoanza na habari ya mlango ule kufungwa, yatakayobaki ni porojo za mzee anayetaka kusifiwa.

Nilianza kazi nikiwa nimemaliza kidato cha nne Mvumi, bila matumaini ya kuendelea na shule. Mradi ulikuwa unatafuta kijana wa eneo hilo anayejua kusoma kipimajoto na asiyeogopa kupanda kilima. Ulikuwa unachunguza vumbi na chembechembe nyingine zinazoelea hewani juu ya uwanda wetu huu wa kati, na jinsi zinavyofanya mawingu yatengeneze barafu. Niliposikia neno barafu nilicheka mbele ya watu walionihoji. Barafu niliyoijua mimi ni ile inayouzwa kwenye vifuko, ya rangi nyekundu, inayochafua mashati ya watoto.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Kanti, fundi wa vipimo. Alikuwa Mhindi wa palepale Dodoma. Ndugu zake walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na yeye duka lilimshinda kwa sababu kila kifaa kilichokuja kuuzwa alikifungua kwanza aone ndani kuna nini. Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kabisa, na Kigogo alikijua kiasi cha kuwatania akina mama sokoni. Alinipa sindano ya kudondoshea na kunionyesha sahani ya aluminiamu iliyokaa juu ya mtambo wa baridi.

"Weka matone. Yalingane. Usipumue juu yake."

Nikaweka. Akawasha mtambo, baridi ikaanza kushuka. Kipimajoto kikafika sifuri. Nikangoja. Kikapita sifuri, kikaendelea kushuka, na matone yangu yakabaki maji, yakiniangalia.

"Mzee, friji yako mbovu," nikamwambia.

"Friji nzima. Shule yako ndiyo mbovu. Walikufundisha maji yanaganda wapi?"

"Kwenye sifuri."

"Ya bomba, labda. Haya ni safi mno. Hayana pa kuanzia."

Somo langu la kwanza lilikuwa hilo, na hata sasa sijaona aliyelieleza vizuri kuliko yeye. Tone la wingu likiwa juu kwenye baridi halilazimiki kuganda. Linahitaji kitu cha kuanzia: punje ya udongo, kipande cha jani lililooza, vijidudu vinavyoishi kwenye majani. Likikipata, linaganda mapema. Likikikosa, linaweza kubaki maji kwenye baridi ambayo ingeua ng'ombe. Sisi kazi yetu ilikuwa kuvuta hewa kwa pampu ipite kwenye chujio, kulisuuza chujio lile kwa maji safi, na kuyaweka maji hayo matone matone kwenye sahani. Kisha unashusha baridi polepole na kutazama. Tone likiganda hubadilika ghafla, kutoka kioo na kuwa jeupe kama jicho la samaki aliyeiva. Ukipepesa umelikosa. Yakiganda mapema, ujue hewa ya siku ile ilibeba vitu vingi vya kuanzia.

Bwana Kanti aliviita vitu hivyo mbegu. Mimi nikalichukua neno hilo na kulisambaza Mvumi nzima, na hapo nilikosea. Alikuja mkulima mmoja wa zabibu, amevaa koti lake la kanisani kabisa, akatusalimu kwa Kigogo "mbukwenyi" kwa adabu zote, akakaa kwenye jiwe.

"Nasikia mna mbegu za barafu. Ndizo mnazorusha huko juu?"

"Haturushi, baba," nikamjibu. "Tunazihesabu."

"Mnazihesabu halafu mnaziacha ziende?"

"Ndiyo."

"Msimu uliopita mvua ya mawe imeondoka na shamba langu lote. Kumbe ninyi mlikuwa mnahesabu."

Bwana Kanti alicheka mpaka akavua miwani. Baadaye, tukiwa kwenye gari, hakuwa anacheka tena. Alisema yule mzee ameuliza swali ambalo ndilo lililotuleta: mbegu zinatoka wapi, na zinapanda lini? Tukijua hilo, huenda siku moja mtu ataweza kumwambia mwenye shamba lake kwamba leo mchana mawingu yataganda vibaya, atafute cha kufunikia.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye mwinuko nje ya Mvumi: kibanda kimoja, nguzo moja yenye mdomo wa pampu, paneli za sola na uzio. Masharti yake aliyaweka Bwana Kanti. Hakuna kuvuta sigara, hakuna kuchoma takataka, hakuna kupaka mafuta ya manukato. Mbuzi wasiingie. Na majani yaachwe yaote mpaka miguuni mwa nguzo. "Hewa tunayoitaka," alikuwa akisema, "ni ile iliyokuja yenyewe. Siyo tuliyoiamsha sisi."

Majani yale yalituletea fedheha. Kwetu uwanja usiofagiliwa ni tangazo kwamba ndani hamna mtu, au yumo lakini hana akili nzuri. Akina mama waliopita na kuni walituambia wazi.

"Ninyi wasomi, hata fagio mmekosa?"

"Mama, huku uchafu ndio kazi yetu," Bwana Kanti alijibu.

"Basi mmefaulu!"

Tulifanya kazi hivyo kwa miaka mingi. Kisha Bwana Kanti akastaafu, akaenda kuishi kwa binti yake, na huko akafariki. Kituo kikabaki mikononi mwangu. Nilikuwa ninaishi mjini, nakwenda kila asubuhi na pikipiki ya mradi kubadilisha chujio, na tena mchana. Nilikuwa na ujuzi na nilipewa heshima. Hiyo ya pili nadhani ndiyo iliyonilegeza.

Dokta Mbonde alipokuja kuwa mkuu wetu alileta wageni waliokuwa wakitoa fedha za mradi. Kabla ya siku yenyewe alikuja kukagua, akasimama kwenye majani, akaniuliza, "Mzee Lameck, mbona pamekaa kama boma lililohamwa? Pafyekwe. Tafuta mtu afagie." Nilijua sharti la Bwana Kanti kama ninavyojua jina langu. Lakini nikajiambia ni siku ya wageni tu. Nikamtafuta Mama Sechelela, mjane aliyekuwa akiishi chini ya mwinuko, afagie na awe mlinzi.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Mama Sechelela akaendelea kufagia. Nilimwambia mara moja kwamba si lazima kila siku. Aliniangalia kama niliyemwambia asinawe uso.

"Baba, watu waamke wakute nyayo za jana?"

Nikamwacha. Nilipofika asubuhi nilikuta uwanja mwekundu, safi, wenye mistari ya fagio kama nywele zilizochanwa, na kusema kweli niliufurahia. Baada ya muda sikuuona tena. Mtu haoni kufagia. Ni kama kupumua. Hakuna anayesimulia kwamba leo asubuhi amepumua.

Ndipo akaja Zaituni. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, binti wa mwenye duka la nafaka, anasomea shahada ya uzamivu, na kituo chetu ndicho kilichokuwa shamba lake. Siku ya kwanza nilimpa sindano ya kudondoshea kama nilivyopewa mimi, nikangoja aulize kuhusu friji mbovu. Hakuuliza. Alitazama matone mpaka la mwisho likaganda, hakupepesa, kisha akasema, "Shikamoo, Mzee Lameck. Samahani, nilisahau kukusalimia." Nikajua huyu ni mtu wa kazi hii.

Zaituni ndiye aliyegundua kwamba chujio la asubuhi lilikuwa tofauti na la mchana. Maji ya asubuhi yaliganda mapema sana, kwenye baridi ndogo ambapo vumbi la kawaida haliwezi kuyagandisha. Siku baada ya siku. Alipoyapasha moto yale maji ya kusuuzia, tabia ile ikatoweka, na hiyo ni dalili ya kitu chenye uhai. Alinijia mbio na karatasi zake.

"Mzee, udongo wetu unaamka asubuhi! Umande ukikauka, vijidudu vinapanda na upepo wa kwanza. Mchana viko mawinguni. Unaona? Mvua ya mawe inaanzia hapa chini!"

Kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza, maana alikuwa makini, na machujio ya asubuhi nilikuwa nikimletea mimi. "Kuna shughuli yoyote inafanyika pale kituoni asubuhi? Yoyote?"

"Hakuna shughuli," nikamjibu.

Sikumdanganya siku ile. Shughuli kwangu ni harusi, ujenzi, kupura mtama. Hakuna mtu wa kwetu atakayeambiwa ataje shughuli akataja kufagia. Kosa hilo la kwanza ninalibeba, lakini ningeweza kulibeba bila kuinamisha kichwa.

Zaituni akajenga andiko lake lote juu ya asubuhi zile. Dokta Mbonde akaziweka mbele katika maombi ya fedha za awamu nyingine. Ofisi nzima ilitembea kwa furaha.

Kisha Mama Sechelela akafiwa na kaka yake, akaenda msibani, na msiba ukawa mrefu. Matone ya asubuhi yakanyamaza, hayakuganda mapema tena. Zaituni alidhani ni hali ya hewa. Mimi pia. Lakini Mama Sechelela aliporudi nilikuwa nimewahi kufika, nikamkuta akiinama na fagio lake la chelewa. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yake na vumbi lilisimama hewani, jekundu, lenye mavi ya mbuzi na majani ya mwaka juzi, likisogea taratibu kuelekea mdomo wa pampu. Nilisimama na helmeti kichwani. Niliisikia sauti ya Bwana Kanti kama yuko nyuma yangu, na haikuwa ya utani.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Dokta. Nataka hilo mlijue, siyo ili mnisamehe, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikwenda nikiwa na nia ya kusema, na nilisema. Aliinuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Mzee Lameck, hili naomba tulinyamazie kidogo. Maombi yako mezani kwao. Yakianguka, kituo kinafungwa, wewe na mimi tunakwenda nyumbani, na Zaituni anabaki hana pa kufanyia utafiti. Jibu likitoka nitamwambia mwenyewe, kwa utaratibu."

"Na yule mama? Nimwambie aache?"

Alifikiri. "Akiacha ghafla, asubuhi zitabadilika ghafla. Mwache afagie."

"Sawa, Dokta."

Nilirudi kituoni. Mama Sechelela aliniuliza kama kuna neno, maana niliondoka asubuhi bila kuaga. Nikamwambia, "Hakuna, mama. Endelea tu kama kawaida."

Jibu la fedha lilikuja, likawa zuri. Dokta hakumwambia Zaituni. Nilimkumbusha, akasema tungoje kwanza Zaituni atetee andiko lake. Kumbe mmoja wa wasahihishaji alikuwa ameomba apime sehemu nyingine ili waone kama jambo linajirudia. Zaituni akaweka pampu ya pili ng'ambo ya bonde, mahali pasipo na mtu. Matone yake hayakuganda mapema hata asubuhi moja.

Sasa nisomeni vizuri, kwa sababu haya ndiyo ninayoyaona nikifumba macho. Zaituni hakushuku kituo. Alijishuku mwenyewe. Aliamini mikono yake ndiyo iliyochafua machujio. Alikaa maabara akiosha chupa, akizichemsha, akiziosha tena, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Alibadilisha maji, sindano, sahani. Alikonda. Mimi nilikuwa meza ya pili. Nilimletea chai.

"Mzee, wewe umefanya kazi hii tangu zamani. Nakosea wapi?"

"Pumzika kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Utaona tu."

Hilo ndilo jibu nililompa mtu aliyekuwa anazama na kamba ninayo mimi.

Aliona, kweli. Alikwenda Mvumi bila kuniambia, akaomba kulala kwa Mama Sechelela ili awe kituoni mapema kabla sijafika. Aliamshwa na sauti ya fagio. Nilipopanda na pikipiki nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha kibanda, kikombe cha uji mkononi, hajakigusa. Mama Sechelela alikuwa anamaliza upande wa uzio.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

"Mama anasema anafagia siku zote."

Nikavua helmeti.

"Anasema hata wewe unajua. Anasema siku moja uliondoka ghafla, ukarudi, ukamwambia aendelee kama kawaida." Akaweka kikombe chini. "Nikamuuliza ni lini. Akasema ni baada ya msiba wa kaka yake."

Mama Sechelela alisimama na fagio lake, akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani nimeharibu nini? Baba, nimeharibu?"

"Hujaharibu kitu, mama," Zaituni akamwambia kwa upole. Kisha akanigeukia. "Mzee Lameck, ulijua nilipokuwa naosha zile chupa?"

"Nilijua."

"Ukaniletea chai."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimshukuru mama kwa malazi, akaokota mkoba wake, akateremka kwa miguu. Nilimfuata na pikipiki nimeizima, naisukuma, nikimwambia apande nimfikishe barabarani. Alisema, "Asante, mzee, nitatembea," na akatembea.

Aliliondoa andiko lake mwenyewe kabla ya kuombwa. Aliandika kwa wasahihishaji kwamba vipimo vya asubuhi havifai, akaeleza sababu, na hakumlaumu mama mwenye fagio hata kwa neno moja. Muda wa ufadhili wake ukaisha kabla hajapata vipimo vipya. Nasikia yuko Kondoa dukani kwa baba yake. Mara moja nilipita pale. Alinisalimia vizuri, akanipa kiti, akampimia mteja mahindi, na tukaongea habari za mvua kama watu waliokutana stendi.

Waliokuja kukagua mradi walikuwa wastaarabu. Dokta Mbonde alijieleza kwa upande wake, mimi kwa wangu, na sikumsingizia. Mlango aliufunga yeye, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilishauri wazitupe asubuhi za tangu Mama Sechelela aanze kufagia, na wabakize za nyuma, za wakati wa Bwana Kanti, kwa kuwa zile zilikuwa safi. Mmoja wao, kijana wa umri wa mwanangu, aliniuliza, "Mzee, usafi wa zile za nyuma unathibitishwa na nani?"

"Na mimi," nikasema. "Ndimi pekee niliyebaki."

Akaangalia meza. Wenzake nao wakaangalia meza. Hakuna aliyenitukana.

Kwa hiyo walifuta vipimo vyote vya kituo kile: asubuhi na mchana, vyangu na vya Bwana Kanti, yule ambaye hakuruhusu hata mbuzi kupita. Kituo kikafungwa, nguzo ikang'olewa, nami nikamalizia miaka yangu ya mwisho hapo maabara mliponikuta, nikiosha vyombo na kuwaelekeza kushika sindano. Mkulima wa zabibu hajapata jibu lake. Zaituni hakupata udaktari ambao mikono yake iliustahili. Na mimi, katika kazi yote niliyoifanya pale Mvumi tangu nikiwa kijana, sina hata kipimo kimoja ambacho mtu anaweza kukiamini leo.